Punda Wawili kwa Jina la Mzee Ntandu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivishwa aproni nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, nikaambiwa nimshike mbuzi na nisipumue. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa Mama Rozi Gwae wa Ilongero, mweupe, ana doa jeusi sikioni, jina lake Sikujua. Alikuwa amekanyagwa na ng'ombe akavunjika mguu wa nyuma. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kituo cha mifugo Singida mjini kuomba kazi ya kufagia, na ufagio wangu nilikuwa nao mkononi.

Aliyenivisha aproni ni Fundi wa Picha, Bwana Yohana Mpondo, mtu mfupi, vidole vyake vya manjano kwa sababu ya dawa za kuoshea picha. Aliniangalia akauliza, "Mama, una watoto?"

"Ninao watatu."

"Basi umeshazoea kumtuliza kiumbe asiyejua anachofanyiwa. Weka ufagio pale."

Ndani ya aproni ile mlikuwa na risasi, siyo ya bunduki, ile madini yenyewe iliyopondwa ikawa kama kitambaa. Kazi yake ni kuzuia mionzi ya eksirei isimwingie anayeshika mnyama. Mionzi haina rangi wala joto wala harufu. Mashine ilifanya tik, mara moja tu, kama mtu anayevunja kijiti, na Bwana Yohana akasema tayari. Mimi nilikuwa bado nimebana pumzi.

Halafu akanichukua chumba cha giza nikaone nilichokishikia. Kilikuwa chumba kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Taa moja nyekundu juu, na mabeseni matatu: la dawa ya kutoa picha, la dawa ya kuigandisha isifutike, na la maji. Alizamisha filamu taratibu kama mtu anayemwosha mtoto uso. Nikasimama nyuma ya bega lake. Kwanza ulitokea ukungu. Kisha ukungu ukaanza kuachana, kama asubuhi za mwezi wa sita ziwani pale mjini, unapoona maji hayapo halafu yapo. Kisha ukaja mguu wa Sikujua, mweupe, umekatika katikati, umelala ndani ya beseni. Sikuwahi kuona kitu kimya namna ile.

Bwana Yohana akanifundisha hapo hapo. Mfupa huwa mweupe kwa sababu unazuia mionzi isipite. Nyama inaruhusu kiasi, kwa hiyo ni kijivu. Hewa inaruhusu yote, kwa hiyo ni nyeusi. Hayo ndiyo masomo yote ya eksirei niliyopewa, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuona kwamba kuna mengine makubwa zaidi ya hayo.

Ufagio wangu uliendelea kukaa pale nilipouweka mpaka jioni, na kesho yake akapewa mtu mwingine.

Ninyi mnaosoma haya mnaweza kudhani kumshika mnyama ni kazi ya nguvu. Siyo. Dawa ya kulaza ilikuwa adimu, na mnyama mgonjwa ukimlaza pengine haamki. Kwa hiyo alitakiwa asimame macho, atulie, mpaka tik ipite. Akitikisika kidogo tu picha inatoka na vivuli viwili, na mfupa mzima utaonekana umepasuka. Wanaume walimkamata mnyama kwa pua na mkia, na mnyama akazidi kupambana. Mimi nilimwita.

Nilimuuliza mwenye mnyama, anaitwa nani? Na mama yake aliitwa nani? Na bibi yake, kama unakumbuka? Kwetu ng'ombe mara nyingi anapewa jina kwa rangi yake, na rangi zinarudiwa, ndiyo maana nilitaka na la mama. Kisha nikaweka mdomo karibu na sikio na kuyasema yale majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, narudia, mpaka pumzi yake na yangu zikawa zinakwenda pamoja. Hapo nikampa ishara Bwana Yohana. Daktari Mkuu wa kituo, Dakta Gervas, mtu mnene wa mwendo wa pole, siku moja alisimama mlangoni akasikiliza.

"Perpetua, unawaombea au unawaroga?"

"Nawaita tu, Dakta."

"Haya, waite. Sijapata picha safi kama za wiki hii."

Nilisoma mpaka darasa la nne. Asiyeandika haraka hana budi kuweka mambo kichwani, na mimi niliyaweka. Mpaka leo nikifumba macho wanapita mmoja mmoja, na kila mmoja anapita na picha yake ya ndani, kama watu wanavyopita na vivuli vyao. Sikuweza kusoma kitabu cha daktari, lakini picha nikishaiona mara moja naitambua, kama ninyi mnavyotambua sura.

Dakta Gervas alipostaafu, na Bwana Yohana naye macho yakamwisha nguvu, nilihamishiwa Ikungi. Mkuu wa Kituo pale aliitwa Dakta Lazaro, mwembamba, msafi, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Pamoja naye alikuwapo dereva wetu, Idi, mcheshi, anayejua kila njia ya wilaya na kila nyumba inayopika uji wa mtama vizuri. Miaka michache baadaye akaletwa daktari msichana, Dakta Upendo, na pamoja naye ikaja mashine mpya.

Hiyo ilikuwa ndogo, unaibeba kwa mikono miwili kama kikapu cha mayai. Filamu haikuwapo tena. Badala yake kulikuwa na kibao cheusi, bapa, unakiweka nyuma ya mguu wa mnyama. Mionzi ikipita inakipiga kile kibao, na kibao kinaipeleka picha kwenye kompyuta. Mabeseni hakuna. Taa nyekundu hakuna. Picha ilitokea kabla sijamaliza kutoa pumzi niliyoibana. Siku ya kwanza nilihisi kama mtu aliyefika mwisho wa safari bila kuiona njia.

"Sasa picha yenyewe iko wapi?" nikamuuliza Dakta Upendo.

"Imo humu, Mama."

"Humu wapi?"

"Humu tu. Ukiitaka unaiita inakuja."

Idi alikuwa akikunja nyaya. Akasema, "Mama Perpetua, hata mchumba wangu wa kwanza nasikia yumo humo humo. Nimemwita mpaka nimechoka."

Nikaipenda mashine ile taratibu. Tulikuwa tunakwenda nayo mpaka Rungwa, huko mwisho, kwa warina asali. Kulikuwa na mbwa wa mrina mmoja, Mzee Kapaya, mbwa aliitwa Nta, anakohoa. Jua lilikuwa kali, kioo cha kompyuta hakionekani kitu. Nikafungua kitenge changu, tukajifunika vichwa, mimi na Dakta Upendo na kompyuta katikati yetu. Giza likarudi. Ndani ya giza lile kifua cha Nta kikaangaza, mbavu kama mitumbwi iliyopangwa, na moyo katikati, mdogo, umeelea. Nje ya kitenge nyuki walikuwa wanavuma na Mzee Kapaya anauliza, mmeona nini, mmeona nini. Tulikaa kidogo mle ndani.

Dakta Lazaro alikuwa na kanuni zake. Alituambia, "Mionzi siyo moshi wa kuni. Huioni, lakini inakuingia." Picha ikiharibika ikabidi irudiwe, ilikuwa inaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la aliyeiharibu. Aliyeharibu mara mbili anaondolewa kwenye mashine. Mimi nilikuwa nimeandikwa mara moja, siku ya mnada, lori lilipopiga honi nyuma ya ukuta na mtamba niliyemshika akaruka. Ilikuwa haki yangu, sikulalamika.

Jambo lenyewe ninalotaka kulieleza lilianzia kwenye jina. Kompyuta ile kabla ya kupiga picha ilitaka jina la mgonjwa. Madaktari wakawa wanaandika jina la mwenye mnyama. Nami niliwaza kwamba huku kwetu hilo litaleta shida, lakini sikusema, kwa sababu nani angeuliza mawazo ya mshika wanyama.

Shida ni hii. Kwetu mali haikai yote zizi moja. Una ng'ombe wanne, wawili unao, mmoja yuko kwa rafiki yako kijiji cha pili, mmoja kwa shemeji. Ugonjwa ukiingia zizi moja hautamaliza wote. Na pia watu hawajui ulicho nacho. Anayekutunzia anamtunza kama wake, na akiulizwa anajibu, "Ni wangu." Hasemi uongo, ndiyo heshima ya kutunza. Sisi tuliofanya kazi na mifugo tunajua, na tunanyamaza. Kompyuta haikujua.

Palikuwa na mama mmoja pale Ikungi, Mariamu binti Selemani. Mume wake Athumani, aliyefariki, alikuwa kaka yake Idi dereva wetu. Mariamu alikuwa na punda jike, aliyemnunua yeye mwenyewe kwa kuku aliowafuga, jina lake Jumatatu, kwa sababu alimnunua siku hiyo. Punda huyo ndiye alikuwa anamletea maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yanalea watoto wake wanne. Kabla eda haijaisha akasikia kwamba ndugu za marehemu wakija kugawana mifugo watahesabu na punda. Usiku mmoja punda akawa hayupo. Mariamu akawaambia amepotea, wakatafuta, wakachoka. Kumbe alikuwa kwa Mzee Ntandu, upande wa pili wa barabara ya Dodoma, anabeba maji kama kawaida, na kila asubuhi madumu mawili yanateremshwa mlangoni kwa Mariamu bila neno.

Mzee Ntandu naye alikuwa na punda wake wa miaka mingi, jike, jina lake Manyoni. Jumatatu alipofika kwake watu hawakugundua, maana punda wa kwetu karibu wote ni wa kijivu, na Manyoni alikuwa hatoki tena zizini kwa uzee. Ukimwona punda mmoja njiani unasema, yule wa Mzee Ntandu.

Manyoni akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Akaletwa kituoni siku ambazo Idi alikuwa amempeleka Dakta Lazaro Singida kikaoni na Dakta Upendo yuko likizo. Aliyempiga picha ni daktari wa kushikia zamu, Dakta Samweli. Nilimshika mimi. Kwato zake zilikuwa zimerefuka zimepinda mbele kama kiatu cha zamani, na mfupa wa ndani ulikuwa umepasuka mpaka kwenye kiungo. Hilo haliponi. Alilazwa kwa sindano ya kutoamka tena siku ile ile, kwa amani, kichwa chake kiko kwenye mapaja yangu. Kwenye kompyuta akabaki kwa jina la Ntandu, punda, jike, mbele kushoto.

Haikupita muda, Jumatatu naye akaanza kuchechemea. Mguu ule ule.

Mzee Ntandu akamleta asubuhi, foleni imejaa. Nikamwamkia, nikashika kamba, nikauliza kama kawaida yangu, "Anaitwa nani?"

"Jumatatu."

"Na mama yake?"

Mzee akamtazama Idi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na waya. Akanisogelea. "Mama yake simjui. Huyu ni wa mtu."

Sikuhitaji zaidi. Dakta Upendo akaandika jina la Ntandu, nikamshika punda, tik ikapita, akaitazama picha kwa haraka akasema imetoka vizuri, tukaita anayefuata. Mimi sikuiona, nilikuwa kichwani kwa punda. Mzee akaambiwa asubiri majibu mchana.

Umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Na kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa wake: betri ya saa ilikuwa imekufa, kila ikiwashwa tarehe inarudi siku moja ile ile ya zamani. Kwa hiyo mle ndani walikuwamo punda wawili, jina moja, jinsia moja, mguu mmoja, tarehe moja.

Mchana nilipita ofisini kwa Mkuu wa Kituo kuchukua funguo. Dakta Lazaro amekaa mezani, Dakta Upendo amesimama karibu na kompyuta, Idi ameegemea mlango, Mzee Ntandu katikati, kofia mkononi. Dakta Lazaro alikuwa anasema, "Mzee wangu, pole. Mfupa huu umepasuka mpaka kwenye kiungo. Kumwacha ni kumtesa. Tutamlaza leo hii."

Nikatazama kioo. Ile kwato iliyopinda kama kiatu cha zamani. Ule mpasuko. Yule alikuwa Manyoni, ambaye niliyafumba macho yake kwa mkono wangu.

Mzee Ntandu hakujua kusoma picha, lakini alijua kuwa mdomo wake umefungwa. Akamtazama Dakta, akanitazama mimi, akazungusha kofia. Dirishani, ng'ambo ya uzio, nilimwona Mariamu ameketi na sinia la karanga kama muuza karanga yeyote. Hakuwa muuza karanga. Hakuweza kuingia kwa sababu ya Idi, na hakuweza kwenda nyumbani kwa sababu ya Jumatatu.

Ninyi mtasema, si ningesema tu kwamba picha hiyo siyo yake, ni ya punda aliyekwisha kufa? Fikirini. Idi alimjua Mzee Ntandu kuwa na punda mmoja. Ningesema walikuwa wawili, angeuliza, wa pili katoka wapi? Na familia yake ilikuwa imetafuta punda wa kijivu mpaka imechoka. Kwa neno moja ningemponya Jumatatu mguu na kumwondoa kwa Mariamu siku hiyo hiyo. Na nikinyamaza, sindano.

Nikamtazama Dakta Upendo. Mkono wake ulikuwa kwenye kompyuta, na nikaona anaisogeza ile orodha ya majina ipotee chini ya kioo, haraka, kama mtu anayefunika chungu. Hakuniangalia.

Nikasema, "Dakta, hiyo picha haifai. Nilimtikisa punda."

Dakta Lazaro akavua miwani. "Mbona mistari yake imetulia?"

"Nilimshika vibaya. Mguu ulipinda juu ya kibao. Kosa ni langu, naomba irudiwe kabla hajalazwa."

"Perpetua, unajua hii ni ya pili?"

"Najua."

"Na bado unasema."

"Nasema, Dakta."

Idi akacheka kidogo. "Mama, mwache punda wa watu apumzike. Unajitafutia nini?"

"Nenda kalete waya, Idi," nikamwambia, na akaenda.

Tulimsimamisha Jumatatu kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amechoka, anainua mguu na kuushusha bila kukanyaga. Nikaweka mdomo sikioni kwake nikalisema jina lake chini kabisa, ili Idi asilisikie. Nilipofika kwa mama yake nikakwama, maana sikumjua. Basi nikamtajia mama yangu mimi, na bibi yangu, na wote waliobeba maji kabla yake. Masikio yake yakalegea. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya alizeti kutoka mashambani, manjano yote ya Ikungi ilikuwa imesimama nyuma ya uzio, na kwa muda ule ilikuwa kama hakuna mtu mwingine duniani anayepumua ila sisi wawili. Tik.

Safari hii Dakta Lazaro aliitazama mwenyewe. Mfupa mzima, mweupe, umenyooka. Kwato imechongwa vizuri, na mtu anayejali. Na kati ya ukuta wa kwato na mfupa, kitone cheusi, kirefu kidogo, kama mbegu ya alizeti. Cheusi ni hewa. Hewa ndani ya kwato maana yake kuna jipu linaoza mle, na jipu la kwato linauma hata mnyama akakataa kukanyaga kama aliyevunjika.

Dakta akasema kumbe ile ya kwanza ilikuwa imeharibika kweli. Akachukua kisu cha kwato, akachonga pale chini kidogo kidogo, mpaka usaha mweusi ukatoka. Jumatatu akashusha pumzi ndefu, tukaisikia wote. Akaagizwa kuloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni. Alipotoka getini alikuwa bado anachechemea, lakini anakanyaga. Mariamu alimtazama akipita. Akajitanda kanga yake upya, akabeba sinia, akaondoka kwa njia ya upande mwingine.

Jioni niliitwa. Dakta Lazaro aliniandikia barua kwa mkono wake, herufi nzuri, na akanisomea yeye mwenyewe taratibu. "Kanuni ni kanuni, mama yangu. Ningekuachia wewe, kesho ningemnyima nani?" Hakuwa mtu mbaya. Tangu siku hiyo nikawa naosha mazizi na kuchemsha vyombo. Aproni akapewa kijana, Emanueli, mwenye nguvu.

Sitawadanganya kwamba sikuumia. Nilikuwa nikimwaga maji nje, nasikia tik kutoka ndani, najikuta nimebana pumzi na ndoo iko mkononi. Na sauti za wanyama wanaopambana nilizisikia. Wakati mwingine nilisimama dirishani nikalisema jina la mnyama kutoka nje, kama nalijua, bila kujua kama linafika. Dakta Upendo alikuwa ananisalimia kila asubuhi, shikamoo Mama, macho chini. Nilimwitikia. Lakini nilimkasirikia, na hasira yangu ilikaa miaka mingi, nikiiosha kila siku pamoja na mazizi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kustaafu. Wakanipa blanketi na ndoo mpya, Dakta Lazaro akasema maneno mazuri, Idi akanileta nyumbani Ilongero kwa gari akiimba njia nzima.

Siyaandiki haya kwa kuvunja siri. Mariamu mwenyewe ameniruhusu. Mtoto wake mkubwa alipoanza kujitegemea, alimtoa Jumatatu kwa Mzee Ntandu mchana kweupe, pamoja na wana punda wawili, akapita nao mbele ya nyumba ya Idi. Idi hakusema neno wiki nzima. Wiki ya pili akaja, akapiga hodi, akasema, "Shemeji, najenga. Naomba punda wa kubeba maji ya saruji." Akapewa. Mzee Ntandu alikuwa bado hai, alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Dakta Upendo amekuja kwangu. Sasa yeye ndiye Mkuu wa Kituo, ana mvi mbili tatu mbele. Alikuja na kompyuta ndani ya mfuko. Akasema siku hizi wanaandika jina la mwenye mnyama na jina la mnyama, lakini picha zote za zamani zina jina la mtu tu, na hakuna anayejua nani ni nani.

"Nimeambiwa na wote nenda kwa Mama Perpetua."

Tuliketi ndani, tukafunga dirisha ili kioo kionekane. Giza lile likaja tena, la kupendeza. Akawa anaita picha, nami nawataja. Huyu ni mtamba wa Mzee Mwiru, anaitwa Mashaka, mama yake Kahawa. Huyu ni Nta, mbwa wa Mzee Kapaya, Rungwa. Walikuja wote, weupe, kimya, mwanga wao ukapita kwenye ukuta wa nyumba yangu, na yeye anaandika. Tulikula mchana humo humo, tukaendelea.

Ikaja kwato iliyopinda. "Manyoni," nikasema. "Wa Mzee Ntandu."

Akaandika. Kisha ikaja picha ambayo sikuwahi kuiona, ile ya asubuhi. Mfupa mzima. Kitone cheusi. Haina kasoro, haikutikisika hata kidogo. Vidole vyake vikasimama.

"Huyu, Mama?"

"Jumatatu."

"Na mwenye punda?"

"Mariamu binti Selemani."

Akaandika herufi moja moja. Akamaliza, akaweka mikono mapajani.

"Ile siku niliona majina mawili. Nikafungua la juu. Ulipoingia mlangoni nilikuwa nimeshajua kwamba nimekosea. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, niliogopa. Mama, nilikuacha ukaosha mazizi."

Nje kuku walikuwa wanapekua majani makavu. Nilifikiri nina maneno mengi ya kumwambia, niliyoyapanga miaka yote nikiwa na ndoo. Nikayatafuta. Yalikuwa yamekwenda, na pale yalipokuwa palikuwa peusi, pana hewa tu.

"Nilikuona ukiificha orodha," nikamwambia. "Nilijua."

Alilia kidogo, kimya. Nikamwacha alie. Alipojifuta nikauvuta ule mkono wake nikaurudisha kwenye kompyuta.

"Mwite anayefuata," nikasema. "Nadhani ni fahali wa Mama Rozi."